Dawa ya Pua Niliyowauzia Sikuijaribu

Wasee, ile video ya dawa ya pua nimeitoa. Inboksi imejaa maswali, wacha nijibu hapa mara moja.

Pua yangu mnaijua. Hapa Chewele mvua ikinyesha vizuri, nyasi zinachanua na mimi nimekwisha: chafya kumi mfululizo, macho mekundu. Mama husema ni homa tu. Ni aleji ya chavua, ule unga wa maua ya nyasi unaopeperushwa na upepo.

Machi 2022 nikaanza kupuliza dawa ya kuzuia, kila asubuhi, kabla msimu haujaingia. Hadi Mei, hakuna chafya. Nikarekodi: "Inafanya kazi, nunueni!" Mkanunua, nami nikala kamisheni.

Mzee mmoja mfugaji akaiona, akacheka. "Kijana wangu, mwaka huu nyasi umeziona wapi?"

Manze! Huo ulikuwa msimu wa nne mfululizo mvua kufeli. Ng'ombe walikuwa wamebaki mifupa, na mimi nilikuwa najisifu kuzuia chavua ambayo haikuwepo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa London alichapisha majaribio yake ya kudunga watu chavua ya nyasi kidogo kidogo ili miili izoee. Hakungoja kusikia "najiskia poa." Aliwatia tone la chavua jichoni, akaangalia ni kiasi gani kinawasha, kabla na baada. Siku hizi wanaongeza kitu: kundi moja linapewa dawa, lingine maji tu, na hakuna anayejua amepata nini. Mimi nilikuwa na pua moja na ukame.

Sisemi dawa ni mbaya. Kuna dawa za kupuliza ambazo madaktari wenyewe hushauri uanze kabla ya msimu. Nasema ushahidi wangu ulikuwa sufuri.

Kilichonifanya niitoe video ni dada mmoja aliyeniandikia kwamba ameacha pampu yake ya asthma, sasa anatumia "ile yako." Nilimpigia palepale, nikamsihi arudie pampu na aende kliniki. Usiku huo sikulala.

Kwa hivyo mtu wa kontenti akikwambia dawa imemsaidia, hata akiwa mimi, muulize: je, ugonjwa wenyewe ulikuja? Aliyenunua kupitia kwangu anitext. Kamisheni yangu kwa chupa yake nitamrudishia.