Jinsia ya binti isikaguliwe nyuma ya goli

Msimu wa michezo ya shule ukifika wilayani Chemba, viwanja vya vumbi vya Kwa Mtoro, Farkwa, Goima na Mrijo vinajaa watu. Wapo wanaotoka shambani kwenye ufuta, wapo vijana wa bodaboda, wapo wazee na fimbo zao. Soka la wasichana sasa lina mashabiki wake wa kweli.

Tatizo ni kelele za pembeni. Binti akiwa na mbio, nywele fupi, umbo la kazi na shuti la maana, haichukui muda kabla mtu hajapaza sauti: “Huyo dume huyo! Mkagueni!”

Watu wanacheka, mechi inaendelea. Lakini kwa mtoto wa miaka 14 au 15 maneno yale hayaishi na filimbi ya mwisho. Yanamfuata darasani, yanamfuata kisimani, yanafika nyumbani kabla yake. Mzazi aliyemruhusu kwa shingo upande anapata sababu ya kumwambia mpira basi.

Kibaya zaidi ni utani huo unapogeuka madai. Kocha aliyefungwa anataka mchezaji wa timu pinzani “aangaliwe” palepale, nyuma ya goli au kwenye darasa tupu. Akitokea wa kukubali, huo si ukaguzi, ni udhalilishaji wa mtoto.

Sheria haiko kimya kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto, iwe kwa jinsia, afya au kuzaliwa kwake. Kifungu cha 9 kinampa mzazi wajibu wa kumlinda. Kifungu cha 11 kinampa mtoto mwenyewe haki ya kusikilizwa kwenye uamuzi unaomhusu.

Ukivisoma vifungu hivyo kwa lugha ya uwanjani, maana yake ni nyepesi. Mwili wa mtoto si mali ya kocha, wala ya mwamuzi, wala ya shabiki aliyelipa nauli kutoka Kondoa. Hakuna wa kumgusa bila mzazi au mlezi kujua na kukubali, na mtoto mwenyewe asikilizwe kwanza.

Ila kuna pengo. Wapo watoto wanaozaliwa na maumbile yasiyo wazi kama ni ya kike au ya kiume, ambao wengi huwaita huntha. Wapo pia mabinti ambao miili yao hutengeneza homoni kwa namna tofauti, na wala hawajui mpaka wapimwe. Mtoto wa namna hiyo hajadanganya mtu. Amezaliwa hivyo.

Majirani wa Kenya walilivalia njuga suala hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mtoto aliyepewa jina la Baby A, ambaye kwenye karatasi za hospitali sehemu ya jinsi iliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake ndiye aliyekwenda mahakamani. Mwaka 2022 Kenya ikapitisha Sheria ya Watoto inayomtaja mtoto huntha waziwazi, kwamba ana haki ya kuheshimiwa utu wake na kupata matibabu yanayomfaa.

Hilo ndilo jambo la kuiga. Sheria inapomtaja mtoto, mzazi anakuwa na pa kushika anapobishana na wakubwa.

Wasioona uzito wa jambo hili wawaangalie wakubwa. Caster Semenya wa Afrika Kusini alikuwa na miaka 18 tu mwaka 2009, na habari za kupimwa kwake zilizagaa duniani kabla hajakimbia fainali ya mita 800 mjini Berlin. Annet Negesa wa Uganda aliondolewa mbioni mwaka 2012 akiwa na miaka 20, na amesimulia hadharani kwamba alifanyiwa upasuaji ambao hakuelezwa vizuri. Shirikisho la riadha limekana kuhusika na upasuaji huo.

Kwenye soka, Barbra Banda wa Zambia alikosa AFCON ya Wanawake ya 2022 kule Morocco kwa ishu ya vipimo, na dunia nzima ikajua. Mwaka uliofuata alicheza Kombe la Dunia.

Kama watu wazima wenye mawakili na mashirikisho nyuma yao waliumia namna hiyo, mtoto wa Sanzawa ambaye hata viatu vya mpira ameazima atapona vipi?

Wapo watakaosema haki ya ushindani nayo ilindwe. Wana hoja. Michezo ya shule imechoshwa na vijeba, na kocha mwenye mashaka ya kweli hapaswi kufungwa mdomo. Mzazi wa timu pinzani naye ana binti anayestahili mechi ya haki.

Lakini mashaka yana njia yake. Hata kanuni za FIFA za mwaka 2011 kuhusu jinsia ya wachezaji zinataka lalamiko liwe la maandishi na lenye sababu, si la kupayuka.

TFF na TAMISEMI, yenye shule mkononi mwake, wakae waandike utaratibu wa mashindano ya watoto kabla ya msimu ujao. Lalamiko liwe la maandishi. Mzazi aitwe kwanza na ofisa ustawi wa jamii awepo. Kama ni lazima kupima, apime daktari hospitalini, kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto, na majibu yabaki siri. Kiongozi atakayevujisha afungiwe. Kocha au shabiki atakayemvua mtoto heshima yake uwanjani apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto.

Wazazi nao wasimame. Ridhaa si karatasi ya kusaini kwa sababu mwalimu kaja na soda. Mzazi aulize, arudi nyumbani, aongee na binti yake, ndipo ajibu. Na akisema hapana, iwe hapana.

Serengeti Girls walipoifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 kule India mwaka 2022, nchi nzima ilishangilia mbio na ubavu wa mabinti wale. Mbio hizohizo zinapoonekana Chemba, zipigiwe makofi.