Usiniulize Kama ni Rozwudi



Wiki mbili zilizopita nilikaribia kuwadanganya. Kamera imewaka, taa iko sawa, gitaa iko mapajani, na sentensi iko tayari mdomoni: "Mgongo na mbavu za hii gitaa ni rozwudi."

Si rozwudi. Ni kitanda.

Acha nianzie mwanzo. Kuna fundi wa mbao mtaani kwetu ambaye kazi yake ya kila siku ni kabati, milango na vitanda. Gitaa anatengeneza jioni akipata nafasi, na Jumapili akitoka kanisani. Tulijuana nilipompelekea gitaa yangu ya kwanza ikiwa imevunjika shingo. Mwaka jana familia moja ilikuwa inahama, wakamwachia kitanda kizee kilichotoka Tanzania enzi hizo. Ubao wa kichwani ulikuwa mninga mtupu, mpana, umekauka ndani ya nyumba zaidi ya miaka 30. Mtu mwingine angeona kuni. Yeye aliushika kwa vidole viwili tu karibu na pembe, akaugonga na kifundo cha kidole, akaniambia, "Skia."

Mbao nyingi ukizigonga zinasema pu. Hii ililia kama kengele, na ikaendelea kulia.

Basi akaupasua ubao katikati ya unene wake, akaufungua kama kitabu, vipande viwili vikakaa ubavu kwa ubavu mistari ikitazamana. Akapiga randa mpaka zikabaki milimita mbili na kitu. Mbavu akazikunja pole pole kwa bomba la chuma lenye moto. Uso wa mbele aliutoa kwa gitaa ya zamani ya kutoka nje iliyokuwa imekufa, lakini uso wake wa sprusi ulikuwa mzima. Miezi minne ikaisha.

Akaja mnunuzi. Akaipiga, akafumba macho, akatabasamu, akaipiga tena. Halafu akauliza, "Ni mbao gani?" Fundi akasema mninga. Manze, ile tabasamu iliisha kama stima. Akasema ingekuwa rozwudi angetoa 45,000. Kwa mninga, labda 15,000. Akaenda zake.

Hapo ndipo fundi aliponipigia simu. "Kijana wangu, wewe watu wanakusikiza. Sema tu ni rozwudi. Nani atajua?"

Nani atajua? Hilo swali ndilo limefanya niandike hii, juu ukweli ni kwamba hakuna mtu angejua. Hata yule mnunuzi hakujua. Masikio yake yalikuwa yameshanunua hiyo gitaa. Jina ndilo lilikataa.

Msimamo wangu ndio huu: kwa mgongo na mbavu za gitaa, wengi wetu tunalipia jina, halafu tunajiambia tumelipia sauti. Na hiyo tabia inaua mafundi wetu na inamaliza misitu.

Tuanze na mninga na ndugu yake. Huko mafundi wa gitaa wanakokutana, kuna mbao inaitwa padauki. Inatoka misitu ya Kamerun, Gaboni na Kongo. Ukiipasua mpya ni nyekundu ya kuelekea machungwa, unga wake unapaka mikono, nguo na ukuta, na usipovaa barakoa utapiga chafya mpaka usiku. Mninga wa Tanzania, Zambia, Msumbiji na kwingine kusini uko ukoo mmoja na padauki. Wanasayansi wanauita huo ukoo Pterocarpus. Ukikata mninga ukiwa hai, unatoa utomvu mwekundu kama damu.

Padauki inaitwa mbadala wa rozwudi, na wengine wanamaanisha rozwudi ya maskini. Lawama zake ni gani? Ya kwanza, ule wekundu hauishi. Jua likiupiga miaka kadhaa unageuka kahawia. Ya pili, fundi akipaka vanishi yenye spiriti, rangi inatiririka na kuchafua mbao nyeupe iliyo karibu. Ni kweli, zote mbili. Lakini umeona? Zote ni lawama za macho. Hakuna hata moja ya masikio.

Kwa masikio, hii familia haina deni na mtu. Marimba ni ala ambayo ubao wenyewe ndio unaimba. Hakuna waya wa kuficha ubaya wake. Zile marimba za bei ghali zinatumia rozwudi ya Amerika ya Kati, na zile ambazo wanafunzi wengi wanajifunzia zinatumia padauki. Afrika Magharibi, vibao vya balafoni vinatengenezwa kwa mti mwingine wa ukoo huu huu. Zimbabwe, marimba za chuo cha Kwanongoma kule Bulawayo zilitengenezwa kwa mninga, na ubao wa mbira ya Washona pia ni mninga. Yaani watu wa hili bara waligonga huu mti, wakaskia, wakaamua, kabla mtu yeyote hajaandika katalogi ya gitaa.

Sasa nakuskia ukisema, "Lakini gitaa si marimba." Sawa, na hiyo ndiyo inazidi kunisaidia. Kwa gitaa ya kawaida, kazi kubwa ya sauti inafanywa na uso wa mbele. Waya zinatikisa daraja, daraja linatikisa uso, uso unasukuma hewa. Mgongo na mbavu zinachangia, sikatai, lakini si kama tunavyoambiwa dukani. Mwaka wa 1862 fundi mmoja Mhispania, Antonio de Torres, ambaye gitaa ya klasiki ya leo inafuata umbo lake, alitengeneza gitaa yenye uso wa mbao nzuri, halafu mgongo na mbavu akaziunda kwa karatasi iliyogandishwa na gundi. Karatasi! Alitaka watu waone kazi inafanyika wapi.

Kama hiyo ni ya zamani sana kwako, chukua hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walishirikiana na fundi Roger Bucknall, akawatengenezea gitaa sita zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao ya mgongo na mbavu. Kulikuwa na rozwudi ya Brazili, ile mbao yenye bei ya kukutoa machozi. Kulikuwa pia na mahogani na sapele, mbao za kawaida tu. Wapiga gitaa 52 wakazipiga kwenye chumba chenye giza wakiwa wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma ili wasione rangi. Matokeo yalichapishwa 2018. Alama walizozipa hizo gitaa zilikaribiana sana, na ile ya bei ghali haikuwaacha wenzake.

Sisemi rozwudi ni mbaya. Ni mbao safi, nzito, inalia vizuri. Padauki kavu ina karibu kilo 750 kwa mita moja ya ujazo, rozwudi ya India karibu 830, na mninga ni mwepesi zaidi, karibu 600. Kwa hivyo hazifanani, na mtu akikuambia mninga ni rozwudi kwa jina lingine, naye anakuuzia hadithi. Lakini mninga una kitu fundi yeyote wa milango atakuambia: ukishakauka, hausinyai wala kuvimba ovyo. Kwa gitaa inayotoka ukavu wa Nairobi kwenda jasho la Mombasa, hiyo ni dhahabu. Mbao isiyotulia inapasuka njiani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza karatasi kabla aniskize. Kwa hivyo hii ya mbao kuulizwa jina kabla ya sauti, naielewa na mwili wote.

Lakini si hisia zangu tu. Jina lina gharama, na analipa mtu mwingine. Rozwudi ya Brazili ilitafutwa mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka wa 1992. Na abunusi, ile mbao nyeusi ya ubao wa vidole? Mwaka wa 2011 kampuni ya gitaa ya Taylor pamoja na wenzao wa Hispania walinunua kiwanda cha mbao kule Yaoundé, Kamerun. Bob Taylor mwenyewe alieleza alichokuta: wakataji walikuwa wakiangusha miti kama kumi ili wapate mmoja wenye moyo mweusi tii. Ile mingine yenye mistari ya kahawia ilikuwa inaachwa msituni ioze, juu wanunuzi wa gitaa hawakuitaka. Mbao ileile, ugumu uleule. Kosa lake ni rangi. Taylor ikaanza kuweka ile yenye mistari kwenye gitaa zake, na watu wakaendelea kupiga muziki kama kawaida.

Miti tisa, kwa sababu ya rangi. Fikiria hiyo kidogo.

Na hapa lazima nijikosoe kabla hamjanikosoa. Nikifaulu kuwashawishi kwamba mninga na padauki ni fiti, si kesho wote watakimbilia mninga na padauki? Hiyo si ndoto, imeshatokea. Kuna ndugu mwingine wa ukoo huu anaitwa mukula huko Zambia na Katanga, Watanzania wanamwita mkurungu. Magogo yake yalikatwa na kupakiwa kwa wingi, mengi yakaelekea China kuwa fanicha. Mwaka wa 2019 mukula ukawekwa chini ya CITES, na Novemba 2022, kwenye mkutano wa Panama, miti yote ya ukoo huu barani Afrika ikafuata. Kuuza magogo au mbao zake nje ya nchi sasa kunahitaji kibali.

Katanga, wasee. Hapo ndipo alipotoka Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Baadaye alikuja akakaa Nairobi, na wapiga gitaa wetu wakaiga vidole vyake. Yaani udongo uliotuletea mtindo wa gitaa ndio umekuwa ukitoa magogo kwenda kuwa viti vya watu wa mbali. Wimbo ulitufikia. Mbao ikapita.

Kwa hivyo siombi tukate zaidi. Naomba vitu vitatu vidogo.

Kwanza, ukienda kununua gitaa, ipige kabla uulize ni mbao gani. Ukiweza, mwambie rafiki akupigie ukiwa umempa mgongo. Masikio yaongee kwanza.

Pili, hiyo mbao tayari tunayo majumbani. Kitanda cha shosho, mlango wa zamani, kabati iliyotupwa nje mvua inainyeshea. Mbao iliyokauka miaka 30 bure, huwezi kuinunua dukani hata ukiwa na doo. Kabla hamjapasua kuni, iteni fundi aigonge.

Tatu, na hii ni yetu sisi wenye kamera: tuache kuazima majina. Kila tukisema rozwudi mahali pa mninga, tunamfundisha mteja adharau kitu alichokipenda dakika moja iliyopita. Fundi anapata 45,000 leo, na kesho mninga bado ni wa 15,000. Uongo ungelipa kodi ya mwezi mmoja, basi.

Ndiyo maana nilizima kamera. Nilirudi kwa fundi nikamwambia siwezi. Hakufurahi, na ana haki, juu mimi silishwi na randa. Tukakubaliana tujaribu kitu. Jumamosi tuliwaita marafiki sita hapo karakana, tukatundika shuka, mimi nyuma yake na gitaa mbili: ya kitanda, na ya rozwudi ya rafiki yangu. Wawili walichagua ya kitanda. Mmoja akachagua rozwudi. Watatu wakasema haiwezekani mtu auze ng'ombe kwa hiyo tofauti. Huo si utafiti, ni mchezo wa mtaani, lakini fundi alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Halafu akachukua penseli, akaingiza mkono kwenye tundu la gitaa na kuandika kwa ndani: Mninga. Kitanda. Nairobi.

Gitaa bado haijauzwa. Bei ni 40,000, na hatushuki mpaka 15. Anayeitaka aniandikie nimwelekeze kwa fundi. Sharti ni moja tu: utaipiga kwanza, maswali baadaye.