Siri ya mgonjwa ni amana, nia njema peke yake haitoshi

Leo tuweke kando habari za maji ya kunywa na vyoo, tuzungumzie usafi wa aina nyingine: usafi wa ulimi wa mtoa huduma ya afya.

Mitaani kwetu tabibu si mgeni. Mnaswali naye safu moja, mnazikana, na watoto wenu wanasoma madrasa moja. Mtihani wake unaanzia hapo hapo. Anatoka msikitini baada ya Ishaa, mzee anamshika mkono: "Mwanangu, yule kijana aliyeleta posa kwetu, juzi nimemwona zahanati kwako. Anaumwa nini?" Mzee anamhofia binti yake, na tabibu naye anamtakia binti kheri. Lakini akijibu hata neno moja, amekwisha kuvunja amana ya mtu.

Wengi hudhani kwamba mtu akiwa mchamungu, basi maadili ya utabibu yametimia. Sikubaliani nao. Uchamungu ndio msingi, ila maadili ni ujuzi wa kazi. Hufundishwa na kufanyiwa mazoezi kama vile kuchoma sindano. Waliotutangulia walilielewa jambo hili. Katika karne ya 9 Miladia, Ishaq bin Ali al-Ruhawi aliandika kitabu kizima kuhusu adabu za tabibu, Adab al-Tabib.

Ujuzi huu una hatua tatu. Kwanza ni kutambua kuwa hapa pana siri. Kutaja ugonjwa wa mtu kwa sauti kwenye dirisha la dawa, kuacha faili wazi mezani, au kumpima mwanamke bila pazia, yote ni makosa, hata kama yamezoeleka.

Pili ni kupima nani ana haki ya kujua. Kwa mfano, Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 imeyafanya majibu ya kipimo cha VVU kuwa siri, na imewataja wachache tu wanaoweza kupewa zaidi ya aliyepimwa, kama mzazi wa mtoto. Baba mkwe mtarajiwa hayumo. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kuchunguzana na kusengenyana.

Tatu ni kutenda. Tabibu aliyefundwa atamjibu mzee kwa heshima: "Mzee wangu, ya chumba cha matibabu siyatoi nje, ya yeyote yule. Washaurini kijana na binti wakapime pamoja kabla ya nikaha, kwa hiari yao." Hapo binti amepata kinga na siri ya kijana imebaki mahali pake.

Siri ikivuja, hasara haimpati mmoja. Mwenye kikohozi cha wiki mbili hujifungia nyumbani akiogopa kusemwa, ilhali kifua kikuu cha kawaida hutibika kwa dawa za miezi 6. Huku nyuma anaambukiza mke na watoto. Mama anayetumia ARV hukikimbia kituo cha jirani akapanda basi kwenda mbali. Siku nauli ikikosekana, dozi imekatika.

Kwa hiyo zahanati zetu, zikiwemo zile za misikiti na taasisi zetu, zisitosheke na kuajiri watu wa dini. Ziwafundishe kutunza siri wafanyakazi wote, tangu tabibu hadi wa mapokezi na mfagiaji. Ziweke pazia, na chumba cha kuzungumzia chenye mlango unaofungika.

Nasi wa majumbani tuna wajibu wetu. Tusimuulize tabibu habari za jirani, wala tusimsifu anayetuletea. Anayekupa siri ya mwenzio leo, kesho atatoa yako. Na ikiwa siri yako imevunjwa, usiishie kulalamika barazani. Mweleze mganga mfawidhi wa kituo, na usiposikilizwa, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya.

Wallahu a'lam.