Mgongo Nao Uulizwe

Katika Bonde la Kilombero, Tanzania, kuumwa mgongo hakumshtui mtu. Kuanzia kupandikiza mpunga hadi kuvuna watu wameinama, na anayelalamika huambiwa apumzike, anunue diklofenaki. Mara nyingi ushauri huo unatosha. Lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU, kisukari au kutumia prednisoloni muda mrefu, unaweza kumpotezea miguu.

Toleo hili linahusu bakteria wanaojificha kwenye pingili za uti wa mgongo, hasa wa kifua kikuu. Daktari mpasuaji Percivall Pott alieleza madhara yao huko London mwaka 1779, na bado wagonjwa wengi hugunduliwa kibiongo kikishachomoza. Bakteria hao hufika kwenye mfupa kwa njia ya damu na kuula polepole. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa; makohozi, yakipatikana, mara nyingi hayaonyeshi kitu. Hata eksirei huchelewa, kwa sababu mfupa lazima uwe umelika sana ndipo picha ibadilike.

Mji wetu wa Ifakara, bondeni humu, una bahati ya kumbukumbu: wanaoishi na VVU wa Kilombero na Ulanga wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 2005. Katika kliniki za VVU, uchunguzi wa kifua kikuu uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani huanza na kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku. Mgongo haumo. Wanaougua pingili ni wachache kuliko wanaougua mapafu, sikatai. Ila siwezi kuuamini uchache wa ugonjwa ambao hatuuulizii.

Tena si kifua kikuu peke yake. Bonde hili ni la wafugaji pia, na maziwa mabichi huleta brusela, ambayo nayo hushambulia pingili. Hapa kuna mtego: rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hutumika kutibu magonjwa yote mawili, hivyo mwenye brusela aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu anaweza kupata nafuu ya kudanganya. Ndiyo maana inafaa usaha wa kwenye pingili upimwe kila inapowezekana, na mgonjwa aulizwe anakunywa maziwa gani.

Ninachodai ni swali moja zaidi kila hudhurio: mgongo unauma, hata usiku ukiwa umelala? Akijibu ndiyo kwa wiki kadhaa, apigwe picha. Akisema miguu inalegea, ina ganzi, au mkojo hautoki, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.