Matete matupu hayatoshi, wadau!

Haya wadau, leo naacha habari za bumu na foleni ya kantini. Nina ugomvi na wimbo unaoimbwa kila semina ya mazingira: eti ukichimba shimo, ukajaza kokoto, ukapanda matete na kupitisha majitaka, basi tayari wewe ni "rafiki wa mazingira". Hivi mazingira ni maji peke yake? Hewa je?

Msinielewe vibaya. Ardhioevu ya kutengenezwa ni teknolojia inayotufaa. UDSM wameitafiti tangu miaka ya 1990, Moshi wameijenga kwa ajili ya majitaka ya mji, na haili umeme kama mitambo mikubwa. Hapo sina neno. Ninachopinga ni kupima BOD na vijidudu vya kinyesi, kisha kufunga daftari na kwenda kula.

Manake chini ya zile kokoto oksijeni ni haba, na bakteria wa huko wanatengeneza methani. Naitrojeni ya mkojo nayo inageuzwa hatua kwa hatua. Kazi ikikatikia njiani inatoka nitrasi oksaidi. Kwa hesabu za IPCC za 2021, ndani ya miaka 100 kilo moja ya methani inapasha dunia joto kama kilo 27 hivi za kaboni dayoksaidi. Nitrasi oksaidi ni 273! Sasa we endelea kusema "teknolojia ya kijani".

Na hapa ndipo mmea unapoingia. Matete na mafunjo yana nafasi za hewa ndani ya mashina. Oksijeni inashuka humo hadi mizizini, na huko kuna bakteria wanaoitumia kula methani. Safi. Lakini njia hiyohiyo inapandisha methani hadi angani bila kupita kwa hao walaji. Kila mmea una mizani yake: huu unashusha oksijeni nyingi, ule unapandisha gesi zaidi. Ukipanda aina moja bwawa zima, umecheza kamari.

Najua kuna atakayerukia: basi tuchanganye mimea kumi, yaishe! Taratibu kaka. Mizizi ya vina tofauti inaweza kufyonza naitrojeni nyingi zaidi, sawa. Lakini mizizi mingi inamwaga pia sukari nyingi, na hicho ni chakula cha bakteria wa methani. Ndiyo maana majaribio, mengi yakiwa ya China, hayasemi kauli moja: kuna mchanganyiko uliopunguza gesi na kuna uliozidisha. Mara nyingi swali zito si mimea mingapi, ni mimea GANI.

Hata wakubwa wamelikwepa swali hili. Mwongozo wa IPCC wa 2013 kuhusu ardhioevu una viwango vya kukadiria methani kulingana na maji yanavyopita: 0.4 yakipita juu wazi, 0.1 yakipita chini kwa mlalo, 0.01 yakishuka wima. Nitrasi oksaidi ina mpangilio wake, njia ya chini kwa mlalo ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi. Mmea? Haumo kwenye viwango hivyo. Halafu sisi tunanakili jedwali kwenye ripoti na kujisifu kwamba tumepiga hesabu ya gesijoto!

Hoja yangu ni fupi. Wanaofanya projekti ya mwaka wa mwisho, acheni kurudia BOD ya matete kila mwaka. Panda matete peke yake, mafunjo peke yake, na yote mawili pamoja, kwa majitaka yaleyale. Funika kwa chombo, vuta hewa kwa sirinji, peleka kwenye mashine ya gesi. Pima gesi zote mbili, maana ukishusha moja unaweza kupandisha nyingine. Na wasimamizi wetu, mkiletewa pendekezo la namna hiyo msiseme "hiyo ngumu, fanya ya mwaka jana".

Kabla ya hapo, hilo neno "rafiki" tuliweke pembeni kwanza. Nawasilisha. Mwenye kupinga aje na namba!