Soma Nyuma ya Paneli Kwanza

Betri ya sola ikifa kabla ya mwaka kwisha, Bariadi nzima inajua wa kulaumiwa: betri. Ni feki, muuzaji katupiga. Mwenye nyumba anarudi dukani, ananunua nyingine, nayo inakufa vilevile. Hadithi hii tumeisikia vya kutosha. Mara nyingi betri haina kosa lolote. Kosa liko kati ya paneli iliyo juu ya bati na chaji kontrola iliyo ukutani. Haviendani, na siku ya kununua hakuna aliyejisumbua kuvilinganisha.

Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijijini, hilo halina ubishi. Lakini hapa Simiyu kaya za Itilima, Meatu na Maswa zimetawanyika mashambani, na kutoka kwenye transfoma hadi nyumba ya mwisho ya kitongoji ni mwendo. Huko sola bado ndiyo taa, ndiyo chaji ya simu, ndiyo mashine ya kinyozi. Inanunuliwa kwa pesa ya pamba. Msimu ukishafunguliwa na malipo yakatoka, watu wanakwenda Bariadi mjini, Lamadi au Mwanhuzi, na siku hizi wanarudi na paneli kubwa kwa sababu bei zimeshuka. Wati 250, wati 300. Chenji inayobaki ndiyo inayonunua chaji kontrola, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani.

Tupige hesabu. Paneli ya kawaida ya wati 250 inafanya kazi kwenye volti 30 hivi na kutoa ampea 8 na kidogo. Chaji kontrola ya bei rahisi ni ya aina ya PWM. Kazi yake ni kuiunganisha paneli na betri moja kwa moja, basi. Betri ya volti 12 inaishusha paneli hadi volti 13 hivi, huku ampea zikibaki zilezile 8 na kidogo. Zidisha: ni kama wati 107. Umelipia 250, unatumia chini ya nusu, na jua la Simiyu lote hilo linapotea bure. Kontrola ya MPPT ingezigeuza zile volti za ziada kuwa ampea, na betri ingepokea ampea 18 hivi badala ya 8.

Betri isiyojaa wiki baada ya wiki haisubiri. Mabamba yake ya risasi yanaota ukoko wa salfeti, uwezo unapungua, mwisho taa zinazimika saa mbili usiku. Ndipo watu wanasema betri ni feki.

Hiyo ni hasara ya polepole. Ipo ya siku moja. Kuna kontrola za volti 12 ambazo mwisho wake ni volti 25, na paneli hiyo ya wati 250, kabla haijabeba mzigo, inafika volti 37. Ukiziunganisha, kontrola inaweza kuungua palepale. Ipo pia ya mwaka wa pili: mtu mwenye paneli ya wati 100 anaongeza nyingine kama hiyo sambamba nayo, kwenye kontrola ileile ya ampea 10. Kila paneli inaweza kutoa ampea 6, kwa hiyo zinakuja 12. Itazame kontrola hiyo baada ya miezi michache. Plastiki pale zinapoingia nyaya imekuwa ya kahawia na skrubu zimezama ndani. Nyumba nzima inalala chini ya kitu hicho.

Dawa yake haihitaji digrii. Nyuma ya kila paneli pana kibandiko. Tafuta Voc, yaani volti za paneli kabla haijabeba mzigo: namba hiyo lazima iwe chini ya volti za juu kabisa zilizoandikwa kwenye kontrola, na ibaki nafasi, kwa sababu asubuhi ya baridi volti hupanda. Tafuta Isc, yaani ampea za juu kabisa za paneli, jumlisha paneli zote zilizo sambamba, ongeza robo: hizo ndizo ampea ambazo kontrola ya PWM lazima izimudu; ya MPPT ipimwe kwa ampea zinazoingia kwenye betri. Kisha tazama Vmp, yaani volti za paneli ikiwa kazini. Ikiwa ni 17 au 18, PWM na betri ya volti 12 vinatosha kabisa. Ikiwa ni 30 au zaidi, nunua MPPT au iache paneli hiyo dukani. Usikisie volti kwa kuhesabu seli, vile vipande vilivyo chini ya kioo, maana seli za paneli nyingi mpya zimekatwa nusu nusu na hesabu itakupoteza. Nyumbani, kontrola iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye.

Fundi atasema mteja hana hela ya MPPT. Sawa, basi muuzie paneli ya Vmp 18 inayoendana na PWM aliyonayo. Hakuna mkulima wa mkoa huu anayefunga dume na ndama kwenye nira moja halafu akashangaa plau kwenda upande. Na MPPT yenyewe ikaguliwe: zipo nyingi zenye herufi hizo kwenye boksi na ndani ni PWM tupu. Ya kweli ni nzito, ina koili na bati la kupozea joto. Inayokaa mkononi kama rimoti ya televisheni irudishwe kwenye rafu.

Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, haitatuokoa hapa. Inahusu ubora wa kifaa kimoja kimoja, haisemi kama viwili hivyo vinaelewana. Halmashauri zetu zinazofunga sola kwenye zahanati na nyumba za walimu nazo ziache kuandika "paneli na vifaa vyake" kwenye zabuni. Ziandike volti na ampea, na mkaguzi apande juu ya bati asome kibandiko kabla malipo hayajasainiwa.

Na wenye maduka, kabla msimu ujao wa pamba haujafunguliwa: andikeni Voc, Isc na Vmp ya paneli kwenye risiti, na mbele yake uwezo wa kontrola mliyouza. Ni dakika mbili za kalamu. Mnunuzi naye asitoe pesa kabla namba hizo hazijaandikwa. Muuzaji akikataa, avuke barabara aingie duka la pili.