Mpiga Picha wa Mji Mkongwe



Ukurasa huu kwa kawaida ni wa shamba. Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuanika karafuu. Leo mkarafuu tuuache upumzike kidogo. Nimepata habari nyingine, na habari hii imenitia aibu kabla ya kunipa maarifa.

Katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja yuko bibi mmoja anayesoma darasa la watu wazima. Umri wake umepita miaka 70. Siku moja nilikwenda kutazama migomba yake. Nikapiga hodi, nikasema, "Shikamoo, bi mkubwa." Akajibu, "Marahaba mwanangu, karibu." Tulipomaliza habari ya migomba, akaingia ndani, akatoka na picha iliyotiwa kioo.

"Bwana shamba," akasema, "wewe unajua dawa ya kila kitu. Picha hii imegandana na kioo. Nibandulie."

Ilikuwa picha ya mumewe. Kijana amevaa kanzu na kofia, amekaa juu ya kiti, mkono mmoja umelala juu ya goti. Nyuma yake pana pazia. Mzee yule alikuwa mvuvi. Mwaka 1979 alikwenda baharini, hakurudi. Kwa hiyo bibi hana kaburi la kuzuru, wala hana picha nyingine ya mumewe. Ana hiyo moja tu.

Mimi nikatoa kisu changu cha kubebeshea miche. Nikakipenyeza pembeni, pole pole. Karatasi ikainuka, lakini rangi ikabaki kwenye kioo. Kipande cha kofia kikatengana na kichwa. Nikaacha pale pale. Bibi hakusema neno. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nikaigeuza picha kwa aibu, nikaona mgongoni pana mhuri. Nikampa bibi ausome, maana herufi za chapa anazijua sasa. Akasoma silabi kwa silabi: Capital Art Studio, Zanzibar. Chini ya mhuri palikuwa na maandishi ya mkono, ya penseli. Bibi akatikisa kichwa. "Hayo ya mkono hatujafika," akasema. "Usinisomee. Nitafika."

Basi nikaichukua picha, nikaifunga katika kitambaa kikavu, nikaahidi kuipeleka mjini kwa mtu anayejua. Na njiani nikawa najiuliza: huyu mwenye mhuri alikuwa nani?

Studio ile iko Mji Mkongwe, katika barabara ya Kenyatta. Iliyeianzisha ni mtu mmoja, Ranchhod Oza. Alizaliwa India mwaka 1907. Alifika Unguja angali kijana, katika miaka ya 1920. Hakuja na duka wala mali. Alikuja kushika kazi kwa mpiga picha aliyetangulia, katika studio ya Gomes.

Hapa tusimame kidogo. Gomes alikuwa Mgoa, yaani mtu wa Goa, sehemu ya India iliyotawaliwa na Wareno. Alifungua studio yake Unguja katika karne ya 19, siku za Masultani wa zamani. Wagoa wengine wakafuata kazi hiyo hiyo, kama akina Coutinho. Walipiga picha za Masultani, wafanyabiashara, bandari, milango ya kuchonga na mitaa. Picha nyingi zilichapwa katika kadi za posta, na mabaharia na wageni wakazinunua. Watu wa Ulaya ambao hawajawahi kuonja embe la Unguja waliijua sura ya mji wetu kwa kadi hizo.

Siku zile wazee wetu hawakusema picha. Walisema sanamu. Na kupigwa sanamu halikuwa jambo dogo. Kamera ilikuwa sanduku kubwa la mbao juu ya miguu mitatu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akatazama ndani. Anayepigwa aliambiwa asitikisike, kwa sababu akitikisika sura inakuwa kama moshi. Ndiyo maana katika picha za zamani watu wengi hawacheki. Si kwamba walikuwa na hasira. Jaribu wewe kucheka bila kutikisika huku unahesabiwa!

Oza akajifunza kazi kwa Gomes. Mwaka 1930 akafungua studio yake mwenyewe, akaiita Capital Art Studio. Umri wake ulikuwa kama miaka 23.

Sifa zake zikaenea mpaka zikafika kasri. Sultan wa wakati ule alikuwa Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu mwaka 1911 mpaka alipofariki mwaka 1960. Oza akawa mpiga picha wake. Alipiga picha za Sultani na jamaa zake, na za sherehe za serikali. Mtu akiwa mpiga picha wa mfalme, kila mwenye jina naye hutaka kupigwa na mtu huyo huyo. Ndivyo dunia ilivyo, hata katika kununua samaki: tunakimbilia pale tulipoona wengi wamesimama.

Lakini mimi sikumpenda Oza kwa sababu ya Sultani. Nimempenda kwa sababu ya baiskeli. Alitoka studio na kamera yake, akaingia vichochoroni, akapiga picha za watu wa kawaida. Katika picha zake za miaka ya 1950 zimo nyingi zenye baiskeli. Watu hawa hawakuwa na cheo. Hawakuandikwa katika vitabu. Lakini leo ukitaka kujua Mji Mkongwe wa wakati ule ulivyokuwa ukienda na kurudi, hao ndio watakaokuonyesha.

Na ndani ya studio watu wa kawaida nao waliingia, kama alivyoingia mvuvi wetu. Siku za Idi hasa. Mtu alivaa nguo yake mpya, akapita studio, akakaa mbele ya pazia. Kwa muda wa dakika chache mvuvi na tajiri walikaliwa na taa sawasawa.

Sasa nieleze kidogo kazi hiyo ilivyokuwa ikifanywa, maana vijana wa simu hawaijui. Filamu, au kioo katika siku za mwanzo, ilipakwa dawa yenye chumvi ya madini ya fedha. Dawa hiyo haivumilii mwanga. Kamera ikifunguliwa kitambo kidogo, mwanga unaingia na kuigusa dawa. Baada ya hapo fundi anaingia chumba cha giza. Anaitia filamu katika maji ya dawa ya kwanza, na pale palipoguswa na mwanga panageuka peusi. Kisha anaitia katika dawa ya pili, ambayo huondoa chumvi iliyobaki. Bila dawa hii ya pili, ukiitoa nje yote itakuwa nyeusi. Mwisho anaiosha kwa maji safi, muda mrefu, na kuianika.

Hapo amepata picha iliyopinduka: kanzu ni nyeusi na nywele ni nyeupe. Anaipitisha mwanga tena juu ya karatasi yenye dawa ile ile, na sasa kanzu inarudi kuwa nyeupe. Karatasi ya picha aliweza kuisafisha chini ya taa nyekundu hafifu, kwa kuwa dawa ya karatasi nyingi za wakati ule haikuguswa na mwanga mwekundu.

Fundi akiwa na haraka, asioshe vizuri, mteja hajui siku hiyo. Anakwenda nyumbani na picha nzuri. Miaka inapita, picha inageuka rangi ya manjano na kufifia. Ni kama karafuu iliyotiwa guniani kabla haijakauka. Uvivu wa leo unaonekana kesho, tena mbele ya watu. Picha ya mvuvi wetu ina zaidi ya miaka 50 na weusi wake bado ni mweusi. Aliyeiosha hakuwa na haraka.

Tarehe 12 Januari, 1964 yalitokea Mapinduzi. Usultani ukaisha. Wahindi wengi waliokuwa na maduka mjini walihama, wengine wakaenda Bara, wengine India au Uingereza. Oza hakuhama. Fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyejulikana kwa kumpiga picha Sultani, na Sultani hayupo tena. Lakini watu waliendelea kuoa, kuzaa, kusafiri na kuhitaji picha, na yeye aliendelea na kazi yake hapo hapo. Alifariki mwaka 1993, na mwanawe akaishika studio baada yake. Kutoka 1930 mpaka kufa kwake ni miaka 63. Mimi mwenyewe sina hata jembe lililodumu robo ya muda huo.

Turudi kwenye picha ya bibi. Mjini nilimpata mzee mmoja fundi wa picha, aliyefanya kazi ya chumba cha giza ujana wake. Alipoona kona ile akaniuliza, "Nani kafanya hivi?" Nikasema mimi. Akanitazama, kisha akanifundisha.

Uso wa picha ya zamani, alisema, umepakwa kitu kama gundi. Ukipata unyevu unalainika, na ukigusana na kioo unashika. Nyumba zetu za pwani zina unyevu, na ukuta unaovujisha mvua ni mbaya zaidi. Basi ukitia picha katika fremu, weka ukingo wa karatasi ngumu katikati ya picha na kioo, visigusane. Usiitundike mahali jua linapoipiga, maana jua linaififisha. Usiifute kwa kitambaa kibichi. Ishike kwa kingo zake. Na ikiwa imekwisha gandana, usibandue, wala kwa kisu wala kwa maji. Iliyobaki kwenye kioo bado ni picha.

Kisha akafanya kazi. Akaibana karatasi taratibu irudi mahali pake nyuma ya kioo, na kile kipande cha kofia kilichobaki kiooni kikakutana tena na kichwa. Akaweka taa mbili, moja kila upande, ili kioo kisimwake. Akaipiga picha ile picha. Pengo langu limebaki mstari mwembamba mweupe juu ya kofia. Akasema anaweza kuufuta kwa kompyuta. Nikasema nitamwuliza mwenyewe.

Nilirudi kwa bibi baada ya wiki tatu, maana tulikuwa na kazi ya kugawa miche. Nikamkabidhi picha ya zamani katika kioo chake na picha mpya mbili. Nikamweleza habari ya mstari. Akauangalia kwa muda mrefu.

"Uache," akasema. "Nitawaambia wajukuu ni wewe."

Kisha akaigeuza ile ya zamani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mwalimu wao alikuwa ameanza kuwafundisha herufi za mkono. Akaweka kidole chini ya penseli. Akasoma jina la mumewe, herufi moja moja, akakosea mara mbili, akarudia. Halafu akasoma tarakimu: 1970.

Akanyamaza, kisha akaita jikoni. "Njoo wewe! Mimi siku zote nasema baba yako kapiga picha hii kabla hajanioa. Kumbe mwaka ule ulikuwa umeshazaliwa!"

Binti yake akatoka, mikono ina unga wa muhogo, akaomba aonyeshwe palipoandikwa.